Kushoto kwa Nani?

Kila Jumamosi asubuhi kazi ya Kiroboto ilikuwa kuosha kreti za mikate. Mama yake alikuwa akitoka alfajiri na pikapu, anachukua mikate kwenye kiwanda kilichoko juu ya mlima, anaiteremsha mjini na kuigawa madukani, kisha saa tatu anarudi na kreti tupu. Kiroboto alizipanga uani, akazimwagia maji na kuzisugua. Kila alipokuta kipande cha mkate kimenasa pembeni, alikila. Alisema anakila ili panya wasikipate. Panya wa nyumba ile walikuwa wamekonda sana.

Shuleni alikuwa na jina jingine, refu na zuri. Hili la Kiroboto alipewa akiwa na miaka mitatu kwa sababu hakuweza kukaa mahali pamoja. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na bado mahali pamoja hajapaona.

Jumamosi hiyo saa tatu ilipita, saa tatu na nusu ikapita, pikapu haikuonekana. Ilipotokea, ilikuja taratibu kama bibi harusi. Mama aliteremka, akaegemea mlango.

"Breki," alisema. "Nimekanyaga pale katikati ya mteremko, pedali ikazama mpaka chini. Nimesimama kwa gia na breki ya mkono, hatua tatu tu kutoka kwenye geti la shule."

Shangazi alitoka chini ya gari jingine. Alikuwa dada wa baba yake Kiroboto, na alikuwa fundi wa magari. Gereji yake ilikuwa uani hapo hapo: mabati manne juu, shimo moja chini, na spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa kama wanafunzi kwenye foleni.

"Wifi, si nilikwambia wiki iliyopita hiyo breki inalia?"

"Uliniambia. Na mimi nikakwambia nitaileta kesho."

"Kesho yako imeshaota ndevu," alisema Shangazi, akapiga magoti kando ya gurudumu la mbele la kushoto. Tairi lilikuwa limelowa mafuta ya breki. Aliweka jeki, akafungua gurudumu, akaingiza kichwa. "Kalipa imepasuka. Dude hili hapa, linalobana breki mpaka gurudumu lisimame. Hili halitengenezeki, tununue jipya."

Boliti za kalipa ile zilikuwa zimeshika kutu kama zimeapa kutotoka. Shangazi alizinyunyizia mafuta zilowane, na kwa kuwa hakuweza kuondoka na kuacha kazi ya mteja, alimwita Kiroboto. Alimwandikia karatasi yenye aina ya gari, mwaka wake, na maneno: kalipa ya mbele, kushoto.

"Sikiliza vizuri. Akikwambia hii ni ya kushoto, muulize kushoto kwa nani. Sisi tunataka kushoto kwa dereva aliyekaa kwenye usukani. Kama hana uhakika, afungue kitabu cha spea. Usirudi hapa bila kuhakikisha. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi," alisema Kiroboto, naye ameshafika getini.

Duka la spea lilikuwa kubwa na lenye harufu ya mipira mipya. Wafanyakazi wote walivaa mashati ya bluu yaliyoandikwa mgongoni: ULIZA MTAALAMU. Juu ya kaunta kulikuwa na bango lililosema: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Asubuhi ile kaunta ilikuwa na kijana mmoja ambaye wateja walimwita Profesa. Alijibu kila swali kabla halijaisha. Ungemuuliza habari za injini, angekujibu. Ungemuuliza ng'ombe ana meno mangapi juu, angekujibu vilevile, tena bila kukohoa.

"Haya, mtoto, unataka nini?"

"Kalipa."

"Nani kalipa?"

"Hakuna aliyelipa. Nataka kalipa. Ya breki."

Watu watano kwenye foleni walicheka, na Profesa akacheka kuliko wote. Kiroboto alisikia masikio yanamchoma. Alisukuma karatasi juu ya kaunta.

Profesa aliitupia jicho. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya gari linalokutazama uso kwa uso, taa zake kama macho. Aliinyooshea kidole upande wa kushoto wa picha. "Kushoto, hii hapa." Akaingia ndani, akarudi na boksi.

Kiroboto alitazama ile picha. Kuna kitu hakikukaa sawa. "Samahani, kaka. Hiyo ni kushoto kwa..."

"Mtoto! Unanifundisha kazi?" Profesa aligonga boksi kwa kidole. "Zinaingia zote tu. Hii inaingia."

"Harakisha bwana, wengine tuna magari," mtu mmoja mnene alisema nyuma, na foleni ikacheka tena.

Swali la Kiroboto lilikuwa limefika kwenye ulimi. Alilimeza. Alilipa, akachukua boksi na risiti, akatoka mbio.

Nyumbani Shangazi alikuwa ameshashinda vita na boliti. Alinyoosha mkono bila kutoka chini ya gari. "Umemuuliza kushoto kwa nani?"

Kiroboto aliangalia vidole vya miguu yake.

"Nimemuuliza."

"Akafungua kitabu?"

"Alihakikisha."

Uongo huo ulikuwa mdogo, hata kreti moja usingeijaza. Shangazi alipokea kalipa, akaifunga. Iliingia vizuri kabisa, kama imezaliwa pale. Aliunganisha mpira wa mafuta, akajaza mafuta mapya ya breki, akampandisha Kiroboto kwenye kiti cha dereva ili wasaidiane kutoa hewa iliyoingia kwenye mafuta.

"Kanyaga... kanyaga... shikilia! Achia. Tena."

Walifanya hivyo mara kumi. Walifanya mara ishirini. Pedali ilikuwa laini kama unga uliokandwa. Ukiikanyaga inakwenda tu, haikwambii basi. Shangazi alijipangusa jasho, akabadilisha mafuta, wakaanza upya. Adhuhuri ikapita. Mama alikuja, akasimama na mikono kiunoni.

"Wifi, kesho alfajiri mikate hainingoji. Kama haikai sawa, nitateremka na gia ya kwanza, polepole. Breki ya mkono ipo."

Kiroboto, juu ya kile kiti, aliuona mteremko ule, na geti la shule chini yake, na mama akivuta breki ya mkono kwa mikono miwili.

Shangazi alichukua tochi, akaingiza kichwa tena kwenye gurudumu, akakaa humo muda mrefu. Kisha akaguna.

"Shuka uje uone."

Alimwonyesha kijiskurubu kidogo kwenye kalipa. "Hapa ndipo hewa inapotokea. Kinatakiwa kiwe juu. Kwa nini juu?" Akainua chupa ya maji iliyofika nusu, akaipindua, mdomo ukaelekea chini. "Hewa iko wapi?"

"Juu."

"Na mdomo?"

"Chini."

"Hewa ni kama mtu mwenye maringo, siku zote inataka kukaa juu. Ukiiwekea mlango chini, mtakesha. Kalipa hii kijiskurubu chake kiko chini. Kwa hiyo hii ni ya gurudumu la kulia. Inaingia, naam. Hata mguu wa kushoto unaingia kwenye kiatu cha kulia. Lakini kuingia siyo kufaa." Akazima tochi. "Ajabu. Uliniambia alihakikisha."

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Kiroboto ilikuwa imeishia hapo, kando ya gurudumu. Angeweza kusema Profesa alimdanganya. Ingekuwa rahisi, na isingekuwa mbali sana na ukweli. Alimtazama mama, aliyekuwa bado na mikono kiunoni.

"Sikumaliza kuuliza," alisema. "Walinicheka. Nikaona haya. Halafu nikakudanganya, Shangazi."

Mama alifungua mdomo, na kwa uso wake Kiroboto alijua kilichokuwa kinakuja. Lakini Shangazi aliinua spana.

"Subiri, wifi. Na mimi kosa langu lipo. Nimefunga kwa sikio badala ya kufunga kwa jicho. Fundi wa miaka kumi na tisa kazini, nimeambiwa tu 'alihakikisha', nikakaza boliti. Hiyo ni aibu yangu, nami naisema." Alianza kuifungua ile kalipa. "Wewe pia unayo ya kwako. Ile kesho yenye ndevu."

Mama alishusha mikono kutoka kiunoni.

"Haya. Duka linafungwa saa tisa, sasa saa nane na robo," alisema Shangazi. "Nitakwenda mimi."

"Hapana," alisema Kiroboto. "Nitakwenda mwenyewe."

Shangazi alimtazama kutoka utosini mpaka kwenye kandambili. Akaifuta kalipa mafuta kwa uangalifu, ikang'aa, akairudisha ndani ya boksi lake. "Nenda. Ila usiende kuomba. Umelipia kitu fulani, wakakupa kingine. Nenda ukadai."

Foleni ya duka ilikuwa ndefu kuliko asubuhi. Kiroboto alijipanga kama wengine, boksi kifuani. Zamu yake ilipofika, alipandisha boksi juu ya kaunta.

"Shikamoo kaka. Nimerudisha kalipa. Niliomba ya kushoto, nimepewa ya kulia."

Profesa hakuligusa boksi. Alinyoosha kidole juu, kwenye bango. "Soma."

Kiroboto alisoma kwa sauti, kama darasani: "Mali ikishauzwa hairudishwi. Nimesoma. Lakini mali niliyoomba haijauzwa bado. Iko huko ndani."

Mtu mmoja alikohoa kicheko. Profesa alikunja uso. "Hii ni ya kushoto. Fundi wenu hajui kufunga. Nani huyo fundi wenu?"

"Shangazi yangu."

"Ahaa!" Profesa aliigeukia foleni, mikono wazi. "Shangazi! Mwanamke na spana, wapi na wapi? Mwambie arudi jikoni, breki zitapona."

Safari hii watu walicheka, lakini siyo wote. Kiroboto alisikia masikio yanaanza kuchoma kama asubuhi. Aliyaacha yachome. Mtu hafi kwa masikio.

"Shangazi amekosea, na amesema amekosea," alisema. "Mimi nimedanganya, na nimesema nimedanganya. Kwetu leo kila mtu ameshasema la kwake. Limebaki lako, kaka."

"Mtoto huyu ana mdomo! Nimekwambia ni ya kushoto. Nina uhakika."

"Una uhakika?"

"Asilimia mia."

"Basi andika."

"Niandike nini?"

Kiroboto alitandaza risiti juu ya kaunta, akaigeuza upande mweupe, akailainisha kwa kiganja. "Andika hapa: kalipa hii ni ya kushoto kwa dereva, nimehakikisha. Weka jina na sahihi. Mama yangu kesho alfajiri anateremka mlima na mikate, na chini kuna shule. Nataka niwe na karatasi."

Profesa alichukua kalamu kutoka mfukoni kwa madaha. Kalamu ilikaribia karatasi. Ikasimama. Ikarudi nyuma kidogo, kama mbuzi aliyeona maji. Profesa alijikuna shingo.

"Andika, Profesa," alisema yule mtu mnene wa asubuhi, aliyekuwa amerudi kununua kingine. "Si umesema asilimia mia?"

"Hatuna... hatuna utaratibu wa kuandika."

"Mgongoni mmeandika," alisema Kiroboto. "Uliza mtaalamu. Mimi nauliza. Nauliza tangu asubuhi. Kushoto kwa nani?"

"Akiandika, na mimi aniandikie," sauti ya mwanamke ilisema nyuma. "Pampu aliyoniuzia aliapa ni yenyewe."

"Na yangu!"

Kelele zilimtoa ndani mama mmoja mfupi, funguo zinalia kiunoni. Huyu ndiye Mama wa Stoo, aliyekuwa pale kabla ya Profesa kuzaliwa, na ambaye bila funguo zake hata mwenye duka hafungui mlango. Alisikiliza pande zote mbili. Alifungua boksi, akaitazama kalipa, akaigeuza.

"Hii ya kushoto au ya kulia, Mama?" aliuliza Kiroboto.

"Sijui," alisema Mama wa Stoo.

Profesa alishtuka kama amesikia tusi. Mama wa Stoo hakujali. "Nadhani ni ya kulia. Lakini kudhani nitadhani kwangu, nikipika. Hapa nitatazama." Alitoa chini ya kaunta kitabu kinene chenye vumbi juu, akakipuliza, Profesa akapiga chafya. Alisoma namba iliyogongwa kwenye chuma, akaifuata kitabuni kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa. Foleni nzima ilingoja, na hakuna aliyesema harakisha.

"Kulia," alisema. "Mtoto yuko sahihi."

"Lakini nilimwonyesha pale!" Profesa alielekeza kwenye picha. "Kushoto si huku?"

"Huko ni kushoto kwako wewe uliyesimama mbele yake. Panda ndani, ukae kwenye usukani, uone kama mkono wako wa kushoto hautahama. Kushoto kwa gari ni kwa anayeliendesha."

"Kumbe!" aliruka yule mtu mnene. "Ndiyo maana taa niliyouziwa hapa inamulika vilele vya miti! Mke wangu anasema natafuta bundi."

Duka zima lilicheka, na Kiroboto naye. Profesa hakucheka. Aliitazama picha, akaitazama mikono yake miwili, akageuka kidogo kama mtu anayejaribu kukaa kwenye kiti kisichoonekana.

"Mwaka mzima," alisema polepole. "Mwaka mzima naelekeza watu pale." Akameza mate. "Sikujua. Niliona haya kuuliza."

Kiroboto aliyajua maneno hayo. Yeye mwenyewe aliyasema mchana ule. Kwa hiyo hakumcheka. Lakini boksi hakuliondoa pia.

"Sawa, kaka. Sasa nipe ya kushoto. Na namba yake tuione kitabuni wote wawili."

Waliiona wote wawili. Profesa aliandika nyuma ya risiti: kushoto kwa dereva, nimehakikisha. Akaweka sahihi kubwa yenye mkia. Mama wa Stoo akakiacha kile kitabu juu ya kaunta, wazi, na akamwambia yule mwenye pampu asogee mbele.

Saa kumi Shangazi alikuwa amemaliza kufunga. Safari hii alitazama kwa tochi kabla ya kukaza boliti hata moja. Kijiskurubu kilikuwa juu. Kiroboto alikanyaga, akashikilia, akaachia, na mara ya nane pedali ilimgomea mguuni, ngumu na imara.

Hawakungoja alfajiri. Mama alishika usukani, Shangazi akakaa pembeni, Kiroboto katikati, wakapanda mlima mpaka juu, wakageuza. Katikati ya mteremko, jua bado likiwaka, Mama alikanyaga breki. Pikapu ikasimama palepale, mkia haukuyumba. Akaachia, wakateremka kidogo, akakanyaga tena. Ikasimama. Alifanya hivyo mara tano, mpaka mtu wa baiskeli aliyekuwa nyuma akauliza kama wanacheza.

Mama aliegemea usukani. "Kuhusu ule uongo," alimwambia Kiroboto, "utaosha kreti Jumapili pia, mwezi mzima. Na mikate ya pembeni wape panya."

"Ndiyo, Mama."

"Lakini kule dukani, wamesema ulikuwa mkorofi?"

"Wamesema nina mdomo."

Shangazi alicheka mpaka akashika dashibodi. Kisha akawa na uso wa kazi. "Sikia, mwanangu. Anayeuza kitu kinachobeba roho za watu ana mambo mawili ya kuchagua: ajue, au aseme hajui akatafute. Hilo la tatu, la kubahatisha huku umetabasamu, halipo. Na wewe unayenunua una haki ya kuuliza mara moja, mara mbili, mara kumi, wacheke wasicheke. Hata mimi uniulize hivyo hivyo, nikijibu kwa kubahatisha unikatalie. Wakikuita mkorofi, itika."

"Niitike?"

"Itika. Afadhali mkorofi mwenye breki kuliko mpole anayeteremka mlima bila breki."

Mama aliachia pedali, na pikapu ikateremka taratibu kuelekea kwenye geti la shule.